Mkono Kwanza, Miguu Baadaye

Kila mgeni anayekuja kumjulia hali kaka yangu huanza na swali moja, tena huliuliza mlangoni, kwa sauti ya chini, kwa wifi yangu badala ya mwenyewe: "Atatembea?" Akishajibiwa kwamba mjuzi ni Mungu, huingia, hukaa mkekani, huinua mikono na kumwombea miguu. Dua zilizokwisha kusomwa chumbani mle kwa ajili ya miguu yake zingetosha kijiji kizima. Ya vidole sijaisikia hata moja.

Mwenyewe, wageni wakishaondoka, husema: "Miguu niachieni. Nipeni dole gumba tu."

Kwa nasaba ni mtoto wa ami, lakini tumelelewa nyumba moja Pemba na kwangu ni kaka. Alianguka mkarafuu. Anayezijua karafuu hahitaji maelezo marefu: mti mrefu, matawi yasiyoaminika, na karafuu nzuri siku zote ziko kwenye ncha. Tawi lilikatika, akaja chini kwa shingo. Waliokuwa karibu walimbeba mgongoni hadi barabarani, kwa nia njema kabisa, kama walivyobebwa wengi kabla yake. (Aliyeanguka kwa shingo habebwi mgongoni. Hulazwa juu ya ubao, hata mlango ung'olewe, na mtu mmoja akishike kichwa kisicheze. Ningependa hili litangazwe kila msimu pamoja na bei ya karafuu.) Wala si jambo la Pemba peke yake. Utafiti wa wagonjwa wa uti wa mgongo waliotibiwa hospitali ya rufaa ya KCMC, Moshi, uliochapishwa mwaka 2017, ulionyesha kwamba kule Kaskazini kuanguka kunaumiza migongo na shingo za watu wengi kuliko ajali za barabarani.

Shingo yake iliumia usawa wa pingili ya sita. Maana yake ni hii. Mabega anayo. Kiwiko anakikunja vizuri, kwa nguvu hata. Kifundo cha mkono anakiinua juu. Basi. Kukinyoosha kiwiko hawezi, kufungua vidole hawezi, kufumba ngumi hawezi, na kuanzia kifuani kwenda chini hakuna kinachomtii. Mkono uliobaki hivyo unaudhi kuliko uliopooza wote, kwa sababu unafika. Unafika kwenye sahani, unafika kwenye glasi, unafika usoni kufukuza nzi, na ukishafika hauna la kufanya.

Nilipoanza kusoma habari za majeraha haya nilidhani kaka yangu ni mtu wa ajabu kwa kutaka vidole kabla ya miguu. Kumbe yuko na wenzake. Mwaka 2004 mtafiti Kim Anderson huko Marekani, ambaye mwenyewe ana jeraha la uti wa mgongo, alichapisha majibu ya watu 681 wenye majeraha hayo. Aliwauliza: kitu gani kikirudi kitabadilisha maisha yako zaidi? Miongoni mwa waliopooza mikono na miguu, 48.7% walitaja mikono kwanza. Na kwa waliopooza miguu peke yake, kilichoongoza wala hakikuwa kutembea, kilikuwa tendo la ndoa. Hilo nalo halijaombewa dua hadharani, lakini si mada yangu leo.

Kwetu sisi mkono una kazi ambazo fomu za hospitali za Ulaya hazina mahali pa kuziandika. Kuna kipimo maarufu cha kupima mkono wa mtu aliyepooza namna hii: mgonjwa hupewa vitu sita avishike na kuviachia, navyo ni kijiti, kibao cha mraba, kopo, uma, kitu kizito cha kukandamizia karatasi, na kanda ya video, zile kanda nene za zamani. Kaka alicheka sana nilipomsomea. Uma kwetu hutoka siku ya harusi. Kipimo chake yeye ni tonge. Wali wa nazi hauchotwi kwa ncha za vidole tu. Unaukusanya, unaubana kidogo dhidi ya kiganja, unaufikisha kinywani, kisha dole gumba linausukuma. Vidole vitano vinafanya kazi kwa pamoja na hakuna anayefikiri. Leo anakula kwa kijiko kilichofungwa kiganjani kwa mkanda wa velkro. Anashiba, lakini anasema hajala.

Kipimo cha pili hakitajwi mbele za watu. Kibofu chake hakijiendeshi, kwa hiyo mkojo hutolewa kwa mpira, mara kadhaa kwa siku. Mwenye dole gumba linalobana dhidi ya kidole cha shahada anaweza kushika mpira ule na kujihudumia mwenyewe, faragha. Asiye nalo huhudumiwa. Na wifi yangu anamhudumia bila kulalamika, usiku kwa mchana, lakini mwanamume wa umri wake anayesubiri mkewe arudi kutoka kisimani ili akojoe anakijua kitu ambacho sisi wengine hatukijui. Dole gumba analoliomba ndilo hilo. Nguvu ya kubana kitu chepesi kama mpira wa mkojo.

Upo upasuaji unaoweza kumrudishia mtu kama yeye dole gumba. Kabla sijaufikia, kuna jambo la bure kabisa ambalo nadhani linaokoa mikono mingi kuliko kisu chochote, na huharibiwa nyumbani.

Shangazi yetu ni mkandaji, tena mwenye mkono mwepesi. Wiki za mwanzo alikuwa akija kila jioni na mafuta ya nazi, anaukunja mkono wa kaka, anauvuta, kisha anavinyoosha vidole vyote kwa pamoja hadi kiganja kikalala bapa kama cha anayesukuma mlango, kifundo kikiwa kimerudi nyuma. Sote tuliona ni sawa; vidole vimejikunja, basi vinyooshwe. Siku moja akaja kijana wa mazoezi ya viungo, aliyesomea Moshi, akakuta kazi inaendelea. Akakaa chini karibu yake, akamwambia kwa adabu, "Bibi, hapo naomba tuache." Akaushika mkono wa kaka. Akamwambia: inua kifundo. Kaka akainua, na vidole, bila amri yoyote, vikajikunja vyenyewe, dole gumba likaja likagusa ubavu wa kidole cha shahada. Teremsha. Vikafunguka. Yule kijana akachomeka kipande cha karatasi katikati. Inua. Karatasi ikashikwa.

Siri yake ni urefu wa kano, zile kamba zinazofunga msuli kwenye mfupa. Kano za kukunja vidole zinapita mbele ya kifundo, na kifundo kikirudi nyuma zinavutika, vidole vinakuja. Lakini zikinyooshwa kila jioni, vidole na kifundo kwa pamoja, zinalegea, na zikilegea kifundo kitainuka na vidole vitabaki vinaning'inia. Wataalamu wanauita mshiko wa tenodesisi. Sheria yake ni fupi: vidole vinyooshwe wakati kifundo kimekunjwa chini, kifundo kikiinuliwa, vidole viachwe vijikunje. Shangazi alielewa mara moja, na sasa ndiye mkali zaidi nyumbani kwa yeyote anayegusa vidole vile. Mkono unaokwenda kwa daktari wa upasuaji ukiwa na mshiko huu, na viungo visivyokakamaa, una mahali pa kuanzia. Uliokakamaa hauna.

Sasa tuje kwenye mishipa ya fahamu.

Nyuzi za fahamu zilizomo ndani ya uti wa mgongo zikikatika haziungi tena kwa namna ya maana. Zilizo nje ya uti, zile zinazotoka shingoni na kushuka mikononi, zina tabia nyingine: zikikatwa na kuunganishwa, huota. Huota polepole, kiasi cha milimita 1 kwa siku, lakini huota. Upasuaji ninaousimulia umejengwa juu ya tofauti hiyo. Madaktari hawaendi shingoni kabisa. Jeraha wanaliacha lilivyo, wanafanya kazi mkononi.

Mantiki yake ni kutafuta msuli wenye msaidizi. Kiwiko, kwa mfano, hukunjwa na misuli mitatu: bisepsi, brakialisi iliyo chini yake, na brakioradialisi. Ukimnyang'anya mmoja, wawili wanaendelea na kazi. Kwa mtu kama kaka, neva ya brakialisi, yaani mshipa wake wa fahamu, inatoka juu ya jeraha, kwa hiyo bado inapokea amri za ubongo. Daktari anaikata karibu na inapoingia kwenye msuli wake, anaigeuza, anaishona kwenye fungu la neva linalokwenda kukunja dole gumba na vidole. Fungu hilo haliumwi. Misuli yake haiumwi. Ila amri ilikuwa haifiki, kwa kuwa njia yake ilikatikia shingoni. Nyuzi za brakialisi huota taratibu kupitia mrija wa neva ile ya zamani mpaka zifike msulini.

Kufungua vidole ni hivyo hivyo: msuli wa supineta hugeuza kiganja kitazame juu, lakini bisepsi nayo hufanya kazi hiyo, basi neva ya supineta inaweza kutolewa kwa misuli ya kunyoosha vidole. Njia hii Jayme Bertelli wa Brazil aliieleza kwa mgonjwa wa jeraha la shingo mwaka 2010. Na kwa kunyoosha kiwiko huchukuliwa neva ya msuli mdogo wa begani, teresi ndogo, ambao nao una mwenzake.

Nilipomweleza ami, ambaye hajasoma sana lakini amebebesha michungwa maisha yake yote, kijiti cha mti huu kukishikisha kwenye shina la mwingine, alinisikiliza mpaka mwisho kisha akasema, "Kumbe kubebesha." Sijaona maelezo bora katika makala yoyote ya madaktari.

Wazo lenyewe si la jana. Jerzy Kiwerski wa Poland alichapisha mwaka 1982 taarifa ya wagonjwa aliowahamishia neva ya mkono wa juu kwenye neva ya mkononi. Lakini halikushika. Kilichobadilika ni ujuzi wa ndani ya neva. Neva kubwa ya mkono ni kifurushi cha mafungu mengi. Moja linakunja dole gumba, jingine linaleta hisia za kiganja, na yote yako ndani ya ala moja. Madaktari wa waliong'oka neva za bega, wale vijana wa pikipiki ambao mkono mmoja unabaki ukining'inia, ndio waliojifunza kuyatenganisha chini ya darubini. Mwaka 1994 Christophe Oberlin wa Ufaransa alionyesha kwamba unaweza kuchomoa fungu moja kutoka neva ya kiganja, ukalipa bisepsi, kiwiko kikakunjika, na kiganja kisipungukiwe na kitu cha maana. Kutoka hapo ilikuwa suala la muda mtu afikirie waliovunjika shingo.

Taarifa iliyovuma ilitoka St. Louis, Marekani, mwaka 2012, kwa Susan Mackinnon na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington. Mgonjwa alikuwa mzee wa miaka 71 aliyeumia shingo chini kidogo ya alipoumia kaka, katika ajali ya gari mwaka 2008. Alifanyiwa upasuaji karibu miaka 2 baada ya ajali: brakialisi kwenda kwenye neva ya kukunja dole gumba na vidole, kama nilivyoeleza. Ilipita miezi 8 hivi ndipo vidole vikaanza kusogea, na baadaye akaweza kujilisha na kuandika kwa taabu. Wazee wa rika lake huku kwetu hawapewi hata rufaa.

Kubwa zaidi lilitoka Melbourne, Australia. Natasha van Zyl na wenzake wa Austin Health walichapisha mwaka 2019, katika jarida la Lancet, matokeo ya vijana 16, wastani wa umri miaka 27, waliohamishiwa neva 59 kwa jumla. Waliopasuliwa wote walikuwa ndani ya miezi 18 tangu kuumia. Kumi kati yao waliunganishiwa na upasuaji mwingine wa kano. Baada ya miaka 2 wengi walikuwa wanafikisha mkono mbele yao, wanafungua kiganja, wanashika. Neva 4, kwa watu 3, hazikushika kabisa. Wawili walipoteza hisia kidogo mkononi kwa kudumu, wawili walidhoofika kifundo kwa muda kisha wakarejea. Nayaandika haya ya mwisho makusudi, kwa sababu taarifa zinazosambazwa WhatsApp huyaacha.

Nimekwenda haraka hapo kwenye miezi 18, nirudi, kwa kuwa ndiyo sababu ya kuandika makala hii.

Mtu aliyevunjika shingo hupoteza misuli kwa namna mbili. Misuli iliyo chini ya jeraha hukosa amri ya ubongo tu. Neva yake na kiini chake ndani ya uti viko salama, msuli unaendelea kuishi miaka mingi. Lakini pale pale penye jeraha, vile viini vyenyewe husagwa. Misuli inayovitegemea huwa imekatwa kabisa, na msuli usio na neva hunyauka. Baada ya mwaka mmoja hadi mmoja na nusu, hata ukiuletea neva mpya hauna pa kuipokelea. Kwa hiyo ndani ya mkono mmoja kuna misuli inayoweza kusubiri na misuli isiyosubiri, na kwa macho huwezi kuitofautisha. Yote imelegea sawasawa.

Yule kijana wa mazoezi alikuja siku nyingine na kimashine cha kusisimua misuli kwa umeme, kidogo, cha betri, cha kuingia mfukoni. Akabandika vibandiko viwili kwenye kigasha, upande wa ndani, akazungusha kitufe. Vidole vya kaka vikajikunja. Si kujikunja kwa tenodesisi, maana kifundo kilikuwa kimelala juu ya mto. Ilikuwa ngumi, iliyofumbwa vizuri, kucha zikagusa kiganja. Wifi yangu akapiga kigelegele hadi jirani akaja. "Kapona!" Kijana akatuliza watu: hajapona, umeme ndio uliofumba, ukizimwa vinafunguka. Lakini alikuwa anatabasamu. Ngumi ile ilikuwa na maana kwamba misuli ya kukunja vidole iko hai na neva yake iko hai, hata baada ya muda wote huo. Akahamisha vibandiko upande wa nje wa kigasha, kwenye misuli ya kufungua vidole. Akazungusha. Akazungusha zaidi. Ngozi ikatetemeka kidogo chini ya kibandiko na vidole vikabaki vilivyo. Kaka alivitazama muda mrefu kuliko sisi sote. Ile ndiyo iliyokuwa na saa yake, na saa ilikwisha kupita wakati sisi tukihangaikia miguu.

Sina wa kumshika shati. Hospitali aliyolazwa walimponya kidonda cha mgandamizo kilichotaka kumuua, na siku zile kuzungumzia dole gumba kungeonekana kichekesho. Lakini ninachowaambia watu wanaonipigia simu, na siku hizi wananipigia, ni hiki: mgonjwa wenu akishatulia, kupumua kuko sawa, vidonda hakuna, msisubiri afikishe mwaka kuona kama vidole vitarudi vyenyewe. Ombeni misuli ya kigasha ipimwe kwa umeme mapema, pande zote mbili, na majibu yaandikwe kwenye faili. Kipimo hicho hakina gharama ya kutisha. Na mkiona vidole vinaruka vyenyewe usiku, vinajikaza, msikimbilie kusema amepona wala msikate tamaa: mkazo ule ni dalili kwamba kiini cha neva kule ndani ya uti kiko hai.

Chumba cha upasuaji nacho kina kipimo hicho hicho, kwa umakini zaidi. Daktari akishaifungua neva huigusa kwa ncha ya umeme kabla hajakata. Akigusa fungu la kukunja vidole, vidole visivyomtii mwenyewe vinafumba mezani, mgonjwa akiwa usingizini. Ndiyo maana mtoa usingizi hatumii dawa za kulegeza misuli zinazokaa muda mrefu. Kila fungu hugunduliwa kwa namna hiyo, na ukilikosea unamwachia mtu kiganja chenye ganzi badala ya kiganja chenye nguvu. Kisha hushonwa kwa uzi mwembamba kuliko unywele.

Baada ya hapo hakuna kinachotokea. Wiki, miezi. Mkono ni ule ule, na kovu jipya. Nadhani hapa ndipo familia nyingi zingemwambia mgonjwa kwamba ameliwa pesa zake. Halafu siku moja, mtu akikunja kiwiko kwa nguvu dhidi ya mkono wa mtu wa mazoezi, dole gumba linashtuka. Ubongo haujui kwamba neva imehamishwa. Kwake ile bado ni ya kiwiko. Mgonjwa hufikiri "kunja kiwiko" na dole gumba linakunjwa. Hufanya hivyo maelfu ya mara mpaka vitu viwili vinaachana na siku moja anakunja dole gumba bila kukiwaza kiwiko. Bila mtu wa mazoezi wa miezi na miezi, kisu peke yake ni kazi bure.

Kwa aliyechelewa kuna njia ya zamani zaidi, ya kano, ambayo haina saa. Erik Moberg wa Gothenburg, Sweden, aliipigania miaka ya 1970 wakati madaktari wengi wakiamini mkono wa mtu aliyepooza usiguswe. Huko hauhamishi neva, unahamisha ncha ya msuli mzima unaofanya kazi, mfano brakioradialisi, ukaifunga kwenye kano ya dole gumba. Inafanya kazi mapema, inabana kwa nguvu kuliko neva. Lakini inataka wiki kadhaa za kuuacha mkono upumzike, na mkono uliobana hivyo haufunguki kwa wepesi. Wale wa Melbourne waliochanganya njia mbili walikuwa na sababu: neva inatoa mkono laini unaofunguka, kano inatoa mkono wenye nguvu. Baadhi ya madaktari wanapendelea kumpa mtu mkono mmoja wa kila aina.

Ripoti na video za kaka zimetumwa India, kama zinavyotumwa ripoti za nusu ya Zanzibar, na jibu la kwanza limerudi likisema kinachowezekana: neva ya brakialisi kwa mkono mmoja, kano kwa mwingine, asubiriwe afike wamwone wenyewe kabla ya kuahidi lolote. Kufungua vidole kutabaki kwa tenodesisi. Ukoo unachanga. Bado hazijatosha.

Wameuliza swali moja ajibu yeye: mkono upi uwe upi? Nadhani walitarajia aseme wa kuandikia. Nyumbani mjadala umechukua jioni nzima. Ami anataka wa kulia upewe nguvu, maana mwanamume nguvu yake mkono wa kulia. Wifi yangu hakusema kitu. Kaka aliwasikiliza wote, kisha akasema wa kulia apewe neva, uwe laini, kwa sababu ni wa kulia chakula na tonge halitaki nguvu. Wa kushoto apewe kano, ubane. Ami akauliza ubane nini. "Mpira," akajibu, na akaomba chai.